Muda Unaoonekana: Kujizoeza Mtihani wa Kiswahili kwa Saa Inayohesabu Kurudi Nyuma

Sura zilizotangulia zimekupa sarufi, ufahamu, ufupisho, utungaji na fasihi. Sura hii inahusu kitu ambacho hakina mada yake katika muhtasari wa somo, lakini kinakula alama za watahiniwa kila Novemba: dakika 180 za mtihani. Ukiuliza waliotoka chumbani wamekwama wapi, wengi hawatakutajia ngeli wala mofimu. Watakuambia, "Nilikuwa najua, ila muda umeniishia." Maneno hayo yana ukweli, na tiba yake ipo. Inahitaji mazoezi ya wiki kadhaa na saa unayoiona kwa macho.

Tuanze na hesabu. Karatasi ya Kiswahili ya Kidato cha Nne, kwa muundo wa miaka ya karibuni, ina maswali 11 katika sehemu A, B na C. Sehemu A ina alama 16, sehemu B ina maswali 6 ya alama 9 kila moja, yaani alama 54, na sehemu C ina maswali 3 ya alama 15 ambayo unachagua 2, yaani alama 30. Jumla ni alama 100 kwa saa 3. (Muundo unaweza kubadilika. Siku ya mtihani soma maelekezo ya ukurasa wa kwanza kabla ya kuamini kitabu chochote, hata hiki.)

Gawa dakika 180 kwa alama 100. Utapata dakika 1.8 kwa alama moja. Lakini huwezi kuandika dakika zote 180, kwa sababu unahitaji dakika 10 za kusoma karatasi na dakika 10 za kupitia kazi yako mwishoni. Zinabaki dakika 160, yaani dakika 1.6 kwa kila alama. Kwa bei hiyo, swali la alama 9 linagharimu dakika 14 na sekunde kidogo. Insha ya alama 15 inagharimu dakika 24.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Ukizidisha dakika 4 tu katika kila swali la sehemu B, umezidisha dakika 4 mara 6, ambazo ni dakika 24. Hiyo ndiyo bei ya insha nzima. Hukuona wizi ukifanyika, maana dakika 4 ni ndogo. Ni kama kunoa penseli na kurudia sentensi moja ya ufupisho mara mbili. Lakini mwisho wa mtihani insha ya pili haipo kwenye kijitabu chako, au ina utangulizi na hoja moja iliyokatika katikati.

Na insha moja si jambo dogo katika madaraja yetu. Alama 30 hadi 44 ni D, 45 hadi 64 ni C, 65 hadi 74 ni B, na 75 kwenda juu ni A. Mtahiniwa mwenye alama 39 ambaye hakufika kwenye insha ya mwisho ana D. Insha hiyo hiyo, akiiandika kwa kiwango cha kawaida tu na kupata alama 8 kati ya 15, inampeleka kwenye 47, ambayo ni C. Hakuongeza maarifa yoyote. Amefika tu mwisho wa karatasi.

Kwa nini saa ya kuonekana, na si kengele?

Shule nyingi huendesha muda kwa kengele. Mwalimu au kiranja hugonga chuma, darasa linajua kipindi cha dakika 40 kimekwisha. Kengele ni nzuri kwa kuhamisha watu kutoka chumba hadi chumba, lakini ina kasoro mbili kwa mtahiniwa. Inakuambia muda umekwisha wakati tayari umekwisha. Haikuambii katikati ya swali kwamba umebakiwa na dakika 6.

Kasoro ya pili wanaijua zaidi wanafunzi wa ukanda wetu. Hapa Rubafu, kata ya Bukoba Vijijini iliyo kando ya Ziwa Victoria, mwezi wa Novemba ni mwezi wa mvua. Mvua ya ziwani ikianza kupiga bati, msimamizi anaweza kusema "bado nusu saa" na nusu ya chumba isisikie. Aliyezoea kusubiri sauti atapotea. Aliyezoea kutazama saa ukutani hatapotea.

Usitegemee mwanga wa nje pia. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halichomozi kwa pamoja. Umesoma katika Jiografia kwamba nyuzi 1 ya longitudo ni sawa na dakika 4. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39 mashariki, Bukoba iko karibu na nyuzi 32. Tofauti hiyo ya nyuzi 7 na kitu ni nusu saa hivi. Kwa hiyo saa 2:00 asubuhi mtihani unapoanza, jua la Rubafu liko chini kuliko jua la Dar es Salaam, ingawa karatasi zinafunguliwa kwa wakati mmoja. Mtoto wa Kagera anayekadiria muda kwa kuangalia kivuli dirishani atadhani bado ni mapema. Saa ya ukutani haina habari na kivuli.

Kupima kazi kwa kitu kinachopungua mbele ya macho ni jambo la zamani. Katika mahakama za Athens ya kale, msemaji alipewa maji ya kupima muda wake: chungu kilitobolewa chini, maji yakatiririka, na yalipokwisha hotuba nayo ilikwisha. Chungu kimoja kilichochimbuliwa huko kilichukua takriban dakika 6 kuisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa chuo wa Italia, Francesco Cirillo, alianza kusoma kwa vipindi vya dakika 25 akitumia saa ndogo ya jikoni yenye umbo la nyanya, na njia yake sasa inajulikana duniani kote. Hata wavuvi wetu wa dagaa wana saa yao ya kuhesabu kurudi nyuma: taa huvuta dagaa usiku wa giza, na mwezi ukishatoka kazi inapungua. Kwa hiyo huhesabu saa zilizobaki kabla ya mwezi, na hawazitumii kwa kupiga soga.

Tafuta saa yako

Kama una simu nyumbani, au mzazi anakuazima jioni, ndani yake kuna kipima muda. Weka dakika 14, bonyeza, uone namba zikishuka. Iweke mbali kidogo na mkono, upande wa kushoto au mbele, mahali ambapo lazima uinue kichwa kuiona. Ikikaa juu ya daftari utaitazama kila sekunde 10 na hutaandika. Zima data na sauti za ujumbe. Simu inayokuletea ujumbe wa kundi haipimi muda wako, inautafuna.

Bila simu, darasa zima linaweza kutumia ubao. Mwalimu au mwanafunzi aliyeteuliwa kuwa mtunza muda anachora duara kubwa, analigawa vipande kulingana na swali, na anafuta kipande kimoja kila dakika 2 au kila dakika 5. Kwa swali la alama 9, gawa duara vipande 7 vya dakika 2. Njia hii ninaipenda kuliko simu kwa darasa lenye wanafunzi wengi, kwa sababu aliye nyuma kabisa anaona kipande kilichobaki bila kusoma namba. Mtunza muda abadilike kila siku, maana yeye hafanyi zoezi.

Unaweza pia kutengeneza saa ya maji au ya mchanga, na hapa utakutana na Fizikia. Chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa sindano, kata kitako, igeuze na kuitundika, kisha mimina maji. Yatadondoka. Bandika utepe pembeni, na kwa kutumia saa ya kweli weka alama kila baada ya dakika 2. Utaona kwamba alama za juu ziko mbalimbali na za chini zimesogeleana, kwa sababu kina cha maji kinapopungua, mgandamizo unapungua na maji yanatoka polepole. Ndiyo maana usipime dakika 2 za kwanza kisha ukagawa chupa yote kwa rula. Kama maji ni ya ziwani au ya kisima, yachuje kwa kitambaa, la sivyo punje moja ya mchanga itaziba tundu na utakuwa na swali lisiloisha. Mchanga mkavu uliochekechwa vizuri una tabia nyingine: hutoka kwa kasi ile ile karibu mwanzo hadi mwisho, hivyo katika sehemu ya chupa iliyonyooka alama zake zinalingana. Tundu lake liwe kubwa kuliko la maji.

Saa ya ukutani ya kawaida inatosha kabisa pia. Nitarudi kwake, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo chumbani.

Anza bila mbio

Usianze kwa kuweka dakika 14 na kujilazimisha. Mwanafunzi ambaye bado hajui kuchanganua mofimu hatajua kwa kukimbizwa. Atajifunza kukosea haraka. Mada mpya isome bila saa yoyote. Shairi jipya lisome mara mbili, tatu, bila kuangalia namba. Saa inaingia pale ambapo tayari unaweza kupata jibu ukiwa umetulia.

Wiki ya kwanza pima tu. Fanya swali la alama 9 kwa kasi yako ya kawaida, andika muda ulioanza na ulioishia pembeni mwa daftari. Fanya hivyo kwa maswali 5 au 6 ya aina mbalimbali. Utashangaa. Mwingine ataona ufahamu anautumia dakika 11 na ufupisho dakika 27. Mwingine atagundua kwamba sarufi anaimaliza kwa dakika 8, ila barua ya kikazi inamchukua nusu saa kwa sababu kila mara anasahau mahali pa anwani ya pili. Huo wa pili hana tatizo la muda. Ana tatizo la muundo wa barua, na dawa yake iko katika sura ya utungaji.

Wiki ya pili, chukua wastani wako na upunguze dakika 3. Kama ufupisho ulikuwa dakika 27, weka 24. Wiki inayofuata weka 20, kisha 17, kisha 14. Saa inapoisha, chora mstari mwekundu chini ya ulipofika, halafu endelea hadi umalize. Sahihisha yote, lakini hesabu alama mara mbili: zilizo juu ya mstari na zilizo chini yake. Mara nyingi utakuta alama 6 au 7 ziko juu ya mstari na zile dakika nyingi za ziada zimekuletea alama 1. Ukiona hivyo kwa macho yako, utaacha kung'ang'ania swali bila kuambiwa na mtu.

Wapo wanafunzi ambao namba zinazoshuka zinawatia hofu. Moyo unaenda mbio, mkono unatetemeka, na walichokijua kinapotea. Kama ndivyo ulivyo, tumia duara la ubaoni au saa ya mchanga badala ya namba za sekunde, au geuza simu uitazame mara mbili tu: katikati na mwishoni. Mweleze mwalimu wako pia. Hofu hiyo haimaanishi wewe ni dhaifu katika somo, na huwa inapungua kadiri saa inavyokuwa kitu cha kila siku. Ni heri uikutane nayo Juni darasani kuliko Novemba.

Mfano wa kwanza: swali la sarufi, dakika 14

Swali: Changanua maneno yafuatayo kwa kutenga mofimu zake, kisha eleza dhima ya kila mofimu. (a) hawakumpigia (b) tulipowasomea (c) anayejipikia. (Alama 9)

Namna wengi wanavyofanya: wanaanza na (a), wanaeleza kila mofimu kwa sentensi ndefu, wanafika (c) wakiwa wamebakiwa na dakika 1. Fanya hivi badala yake. Dakika ya kwanza soma swali na upigie mstari "kutenga" na "dhima". Ni kazi mbili. Dakika 2 zinazofuata tenga maneno yote matatu kabla ya kueleza hata moja:

ha-wa-ku-m-pig-i-a
tu-li-po-wa-som-e-a
a-na-ye-ji-pik-i-a

Hata saa ikisimama hapo, tayari una kitu cha kusahihishwa katika vipengele vyote vitatu. Kila neno lina mofimu 7, jumla 21. Tumia dakika 9 kueleza, dakika 3 kwa kila neno. Ni kama sekunde 25 kwa mofimu. Kwa hiyo hakuna nafasi ya sentensi ndefu. Andika hivi:

(a) ha- : ukanushi, -wa- : nafsi ya tatu wingi, mtenda, -ku- : wakati uliopita katika ukanushi, -m- : mtendwa, nafsi ya tatu umoja, -pig- : mzizi, -i- : kauli ya kutendea, -a : kiishio.

(b) tu- : nafsi ya kwanza wingi, mtenda, -li- : wakati uliopita, -po- : urejeshi wa wakati, -wa- : watendwa, nafsi ya tatu wingi, -som- : mzizi, -e- : kauli ya kutendea, -a : kiishio.

(c) a- : nafsi ya tatu umoja, mtenda, -na- : wakati uliopo, -ye- : urejeshi wa mtenda, -ji- : kujirejea, yaani mtenda ndiye mtendewa, -pik- : mzizi, -i- : kauli ya kutendea, -a : kiishio.

Zinabaki dakika 2 za kuhakiki. Hapo ndipo utakapogundua kwamba uliandika -ku- kuwa "ukanushi" bila kutaja wakati, au kwamba uliita -i- na -e- vitu viwili tofauti wakati ni kauli moja inayofuata irabu ya mzizi: pig-i-a, lakini som-e-a.

Mfano wa pili: insha ya fasihi, dakika 25

Swali: Kwa kutumia riwaya mbili kati ya ulizosoma, eleza jinsi mwanamke alivyochorwa. Toa hoja tatu kwa kila riwaya. (Alama 15)

Kabla ya kufanya zoezi hili, pima mkono wako. Nakili aya yoyote kwa dakika 5, hesabu maneno, gawa kwa 5. Tuseme umepata maneno 15 kwa dakika moja. Insha ina dakika 25. Toa 4 za kupanga na 2 za kusoma tena, zinabaki 19 za kuandika. Mara 15, ni maneno 285. Insha yako ina utangulizi, hoja 6 na hitimisho, yaani aya 8. Kila aya ina maneno 35 hivi. Hicho ndicho kipimo chako cha kweli, na ukikijua utaacha kuandika utangulizi wa nusu ukurasa unaosimulia maisha ya mwandishi.

Hoja ya maneno 34 inaonekana hivi: "Mwanamke amechorwa kama mlezi jasiri. Katika Takadini, Sekai anakataa mila inayotaka mtoto mwenye ualbino auawe, anamtorosha na kwenda kuishi naye ugenini. Hata leo wapo akina mama wanaovumilia kutengwa ili kuwalinda watoto wao wenye ulemavu." Kuna dai, kuna ushahidi wenye jina la mhusika, kuna uhusiano na jamii. Haijakosa kitu, na imekula dakika 2 na robo. Kwa Watoto wa Mama N'tilie ungeweza kumtumia Mama N'tilie mwenyewe, anayeuza chakula kuitunza familia huku mumewe Lomolomo akizama katika ulevi.

Zile dakika 4 za kupanga usiziibe. Ndizo zinazotafuta hoja 6 zisizofanana. Anayeanza kuandika mara moja hufika hoja ya nne, hukwama, na kuanza kurudia ya pili kwa maneno mengine. Msahihishaji hatoi alama mara mbili kwa hoja moja. Andika jina la riwaya, chini yake maneno matatu tu: mlezi, mchapakazi, mwathirika, kisha riwaya ya pili hivyo hivyo.

Mwandishi mmoja Mwingereza, C. Northcote Parkinson, alieleza mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka ikajaza muda iliopewa. Aliwalenga watumishi wa ofisi za serikali, lakini utaona kwamba utangulizi wa insha nao hutanuka vivyo hivyo usipouwekea mpaka.

Kutoka kwenye kipima muda hadi saa ya ukutani

Chumbani hutakuwa na simu. Maelekezo ya karatasi yanakataza simu za mkononi na vitu vyote visivyoruhusiwa, na adhabu yake unaijua. Muulize mwalimu wako mapema kuhusu saa ya mkononi ya kawaida. Saa janja usifikirie hata kuibeba. Kwa hiyo mwezi wa mwisho acha kipima muda kinachoshuka na ujizoeze kwa saa inayokwenda mbele. Hapa wengi huteleza, kwa sababu walizoea kuambiwa "zimebaki 6" na sasa wanapaswa kujua wenyewe.

Ufumbuzi ni kuandika alama za njia. Chukulia mtihani unaanza saa 2:00 asubuhi na kwisha saa 5:00. Ukishasoma karatasi, andika nyakati hizi kwa penseli mahali pa kazi ya rafu, kisha uzifute au uzikate mstari mwishoni:

2:10 sehemu A
2:30 swali la 3
2:44 swali la 4
2:58 swali la 5
3:12 swali la 6
3:26 swali la 7
3:40 swali la 8
3:55 insha ya kwanza
4:20 insha ya pili
4:45 kuhakiki

Utaona sehemu A nimeipa dakika 20 tu, ingawa kwa hesabu yetu ingestahili 25 na kitu. Kuchagua jibu na kuoanisha hakuhitaji maandishi mengi, na dakika hizo zimehamia kwenye kuhakiki. Saa ikifika 2:58 na bado uko swali la 4, acha nafasi ya mistari kadhaa, nenda swali la 5. Utarudi saa 4:45. Kurudi kwenye swali lililobaki robo ni rahisi kuliko kuanzisha insha ambayo hukuigusa.

Wapo wanaopenda kuanza na sehemu C wakiwa na akili iliyotulia. Sina ubishi nao. Nyakati zao ni hizi: insha kutoka 2:10 hadi 3:00, sehemu A hadi 3:20, sehemu B hadi 4:45. Chagua mpangilio mmoja sasa, uufanyie mazoezi angalau mara tatu kwa karatasi kamili, na usiubadilishe asubuhi ya mtihani kwa sababu jirani yako ameanza kwingine.

Neno moja kuhusu kusoma saa. Saa ya ukutani ikionyesha 8:00, sisi tunasema saa 2:00. Ratiba ikiandikwa 14:00, ni saa 8:00 mchana. Mchanganyiko huu mdogo umewahi kumchelewesha mtu, na anayechelewa zaidi ya nusu saa hafunguliwi mlango. Kwa mtihani wa jioni, andika alama zako za njia kwa namba zile zile zinazoonekana kwenye saa iliyo ukutani, ili usifanye tafsiri kichwani katikati ya insha.

Zoezi

1. Pima kasi ya mkono wako kwa dakika 5. Kokotoa idadi ya maneno unayoweza kuandika kwa dakika 19, kisha gawa kwa aya 8.

2. Weka dakika 14. Changanua: (a) hatutawapikia (b) uliyemsomea (c) wanaojisomea. Saa ikiisha chora mstari mwekundu, maliza kazi, sahihisha na uandike alama za juu na za chini ya mstari.

3. Weka dakika 25. "Mwanafunzi wa kijijini ana vikwazo vingi kuliko wa mjini." Jadili kauli hii kwa hoja sita. Dakika 4 za kwanza usiandike sentensi yoyote, panga hoja tu.

4. Mtahiniwa ameanza sehemu B saa 2:36 badala ya 2:30, na amepanga insha zake zianze 3:55. Amebakiwa na dakika ngapi kwa kila swali la alama 9? Ataifidia wapi, na kwa nini asiifidie kwenye zile dakika 4 za kupanga insha?

5. Tafuta karatasi ya miaka iliyopita. Ifanye yote kwa saa 3 Jumamosi moja asubuhi, kuanzia saa 2:00, bila simu, mbele ya saa ya ukutani, ukiwa na alama za njia kwenye karatasi ya rafu. Kila ufikapo kwenye alama, andika pembeni muda halisi. Mlete mwalimu wako karatasi hiyo ya rafu pamoja na majibu.